Motokari Inayozimika Ikisimama

1. Shofere afika kwa fundi

Siku moja asubuhi, motokari ya kizamani iliingia katika kiwanja cha fundi mzee, mjini Kasongo. Ilikuwa motokari ya esansi, yenye silinda sita. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wagonjwa vijijini na kuwaleta hospitalini. Siku ile shofere alikuwa ametumwa Kabambare, safari ya zaidi ya kilometa 100 upande wa mashariki. Huko mama mmoja mja mzito alikuwa akingoja kuletwa Kasongo, kwa maana hali yake haikuwa njema.

"Jambo, fundi mzee," akasema shofere.

"Jambo, baba. Habari za njia?"

"Njia ni njema, lakini motokari hainitii. Nikikanyaga esansi, inakwenda vizuri. Nikiinua mguu, inatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu inazimika. Tangu juzi ni hivyo hivyo."

Fundi alikuwa amelala chini ya lori, mikono yake imejaa mafuta. Akamwita kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake. "Mwanangu, nenda ukaisikilize. Mimi ninakuja."

Kijana yule alikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi. Hata hivyo alijua ya kuwa kwenye kabureta kuna visi ndogo ya kuongeza mwendo wa motere. Akachukua turnevisi, akaizungusha visi ile mara hii na mara hii. Motere ikapandisha sauti. Haikuzimika tena.

Shofere akafurahi sana. "Ahsante, kijana! Umekwisha kuiponya." Akapanda, akataka kuondoka, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika.

Ndipo fundi alipotoka chini ya lori. Akasikiliza kidogo, akaweka mkono juu ya mlango wa motokari. "Ngoja, baba," akasema. "Motokari yako imenyamazishwa. Haijapona."

Kwa nini fundi alisema hivyo? Ili kufahamu neno lake, yafaa kujua kwanza namna motere inavyofanya kazi.

2. Motere hutaka vitu vitatu

Mnapopita sokoni mnaona motokari imesimama, na shofere wake anaongea na watu. Haiendi, lakini motere inanguruma polepole. Mngurumo huo wa polepole mafundi wa Kongo huuita ralanti. Motere iliyo katika ralanti ni kama mtu aliyeketi akipumua. Hafanyi kazi, lakini yu hai.

Motere hutaka vitu vitatu: hewa, esansi, na moto unaokuja kwa wakati wake. Esansi peke yake haitoshi, kwa maana haiwezi kuwaka bila hewa. Tena inataka hewa nyingi sana. Kilo 1 ya esansi huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Mtasema, "Je, hewa ina uzito?" Naam, inao. Hewa ya kilo 15 yaweza kujaza chumba chenye urefu wa meta 2 na nusu, upana wa meta 2, na kimo cha meta 2 na nusu. Hewa yote hiyo huliwa pamoja na kilo moja tu ya esansi!

Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka mara nne. Mara ya kwanza inashuka na kuvuta hewa na esansi. Mara ya pili inapanda na kuzibana. Kisha kibuji kilicho juu hutoa cheche, esansi huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Ndiyo mara ya tatu. Mara ya nne pistoni inapanda tena na kuutoa moshi. Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza motere ya namna hii mwaka 1876. Mwaka huo huo Stanley na Tippu Tip walikutana hapa Maniema, na watu wa safari zao walikwenda kwa miguu, mizigo vichwani.

Sasa fanyeni hesabu. Katika ralanti, motere huzunguka karibu mara 700 kwa dakika moja. Kila silinda huwasha esansi mara moja katika mizunguko miwili, maana yake mara 350. Silinda ni sita. Basi cheche ni 2,100 kwa dakika, au 35 kwa kila sekunde. Chache tu zikikosa kuwasha, motere hutetemeka. Nyingi zikikosa, huzimika.

3. Kazi ya kabureta

Chombo kinachochanganya hewa na esansi katika motokari za zamani huitwa kabureta. Je, esansi hupandaje kutoka katika kabureta na kuingia katika hewa?

Waliosafiri mpaka Kongolo wanajua ya kuwa mto Lualaba, ulio mpana sana, hubanwa na mawe mahali panapoitwa Portes d'Enfer. Hapo maji hayana nafasi, kwa hiyo hukimbia kwa nguvu. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Ikipita mahali pembamba, hukimbia. Na pale inapokimbia, nguvu yake ya kusukuma kando hupungua. Padre mmoja wa Italia, Giovanni Battista Venturi, aliyekuwa pia mwalimu wa elimu ya maumbile, aliandika mwaka 1797 juu ya maji yapitayo katika mabomba mapana na membamba. Katika kabureta kuna koo jembamba la namna hiyo. Hewa hukimbia hapo, na esansi huvutwa kutoka katika kitundu chake, ikawa kama ukungu.

Chini ya koo hilo kuna mlango mdogo wa duara. Shofere akikanyaga esansi, mlango hufunguka na hewa nyingi hupita. Akiinua mguu, mlango hufungwa, ukabaki wazi kidogo sana, na esansi ya ralanti hupita katika kitundu chembamba kilichowekwa kwa ajili hiyo. Lakini pistoni hazijui ya kuwa mlango umefungwa. Zinaendelea kuvuta kwa nguvu, kama mtoto anyonyaye. Kwa hiyo, wakati wa ralanti, mvuto nyuma ya mlango ule ni mkubwa sana.

Fanyeni jaribio hili. Twaeni bua la jani la mpapai, lililo na tundu ndani. Lioshwe vizuri, utomvu uishe. Tieni ncha moja katika kikombe cha maji, mnyonye ncha ya pili. Maji hupanda. Sasa toboeni kitundu kando ya bua, juu ya maji, mkanyonye tena. Mtapata nini? Hewa inaingia kwa kitundu, na maji hayapandi vizuri. Ndivyo inavyokuwa katika motere. Mpira ukipasuka au kiungo kikilegea nyuma ya kabureta, hewa ya wizi huingia bila kupita mlangoni. Hewa inazidi, esansi haitoshi, na cheche haziwashi.

Lakini mbona motokari yenye tundu hilo hukimbia vizuri njiani? Mfano wake ni huu: ukimwaga kikombe cha maji katika sufuria kubwa ya mchuzi wa watu hamsini, hakuna atakayetambua. Ukimwaga kikombe hicho katika bakuli la mtu mmoja, mchuzi umeharibika. Motokari ikikimbia hula hewa nyingi, na ile ya wizi ni kidogo mbele yake. Ikisimama hula hewa kidogo, na ile ya wizi huwa nyingi. Kwa sababu hiyo ralanti hufunua ubovu ambao mwendo huuficha.

4. Fundi auliza kabla ya kushika

Turudi sasa katika kiwanja cha fundi.

"Mwanangu," fundi akamwuliza kijana, "visi ile umeizungusha mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mzee."

"Ni kosa la kwanza. Fundi akigusa kitu, ahesabu, apate kukirudisha mahali pake. Sasa niambie, motokari hii inaumwa nini?"

"Ilikuwa inazimika."

"Hiyo ni dalili, si ugonjwa. Mtu mwenye homa anaweza kuwa na malaria, au kidonda, au ugonjwa wa tumbo. Ukimmwagia maji baridi, mwili utapoa, na ugonjwa utabaki ndani. Wewe umeufungua ule mlango mdogo, motere ikapata nguvu ya kushindana na ugonjwa wake. Huujui ungali."

Kijana akainamisha kichwa. Fundi akamgeukia shofere, akaanza kuuliza polepole.

"Baba, inazimika ikiwa baridi, au ikiwa na moto?"

"Nyakati zote."

"Esansi ulinunua wapi?"

"Katika pipa lile lile la siku zote."

"Na tangu juzi, umeona neno lingine jipya? Hata kama ni dogo?"

Shofere akafikiri. "Hakuna. Ila kanyagio la breki limekuwa gumu kama jiwe. Nilidhani ni mguu wangu umechoka na njia."

Fundi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Zima motere. Leo huendi popote na motokari hii mpaka tulijue jambo hilo."

"Lakini mama yule ananingoja, mzee!"

"Najua. Ndiyo maana."

5. Wanatafuta kwa utaratibu

Fundi hakukimbilia breki mara moja. Alitaka kijana ajifunze kutafuta kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine. Kwanza wakaangalia kwa macho. Filtri ya hewa ilikuwa na vumbi jekundu la njia. Wakaikung'uta, wakairudisha. Motere ilitetemeka vile vile kijana alipoilegeza ile visi.

Pili wakatazama moto. Fundi akatwaa koleo yenye mipini ya mpira, akachomoa waya wa buji ya kwanza, motere ikinguruma. Sauti ikadhoofika. Akaurudisha. Akachomoa wa pili. Sauti ikadhoofika vile vile. Akafanya hivyo mpaka wa sita.

"Umefahamu nini?" akauliza.

"Kila silinda inafanya kazi kidogo, mzee. Hakuna iliyokufa."

"Vema. Kama waya mmoja ungechomolewa na sauti isibadilike, tungejua ya kuwa silinda ile ni mvivu, na ubovu uko kwake. Lakini hapa zote sita zinaumwa kidogo. Basi tutafute kitu wanachokula pamoja."

Wakazima, wakafungua buji moja. Ncha ya buji njema huwa na rangi ya udongo mkavu. Ikiwa nyeusi kwa masizi, esansi imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ile ilikuwa karibu nyeupe.

Tatu wakatazama esansi. Wakatoa kidogo kutoka katika kabureta, wakaitia katika chupa safi, wakaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko esansi; lita 1 ya maji ina kilo 1, na lita 1 ya esansi ina karibu robo tatu za kilo. Kwa hiyo maji yakiwamo hukaa chini ya chupa. Lakini chini hapakuwa na kitu. Esansi ilikuwa safi.

"Yamebaki mambo ya hewa," akasema kijana.

"Naam. Na shofere amekwisha kutuonyesha mlango wa kuingilia."

6. Kisa cha breki ngumu

Katika motokari nyingi, mguu wa shofere haufanyi kazi peke yake kwenye breki. Mbele ya kanyagio kuna chungu cha chuma. Mpira mmoja mnene hutoka katika chungu hicho mpaka kwenye motere, nyuma ya kabureta. Motere huvuta hewa kutoka katika chungu. Shofere akikanyaga breki, hewa ya nje huingia upande mmoja wa chungu na kusukuma upande usio na hewa. Nguvu hiyo humsaidia shofere. Msaada ukikosekana, breki zingaliko, lakini yampasa akanyage kwa nguvu kubwa sana, na motokari huchelewa kusimama.

Fundi akamwagiza kijana: "Motere imezimwa. Kanyaga breki mara tano au sita. Sasa shikilia mguu hapo hapo. Nitaiwasha. Chungu kikiwa kizima, kanyagio litashuka kidogo lenyewe."

Motere ikawaka. Kanyagio halikushuka.

Ndipo fundi akainama, akijihadhari na feni iliyokuwa inazunguka. Akashika ule mpira mnene karibu na motere, akaubana kwa koleo. Papo hapo mtetemeko ukaisha, motere ikatulia. Akaulegeza, mtetemeko ukarudi. Wote watatu waliona.

"Umesikia?" fundi akamwuliza kijana. "Nikiuziba mpira huu, motere inapona. Basi hewa ya wizi inapita humu."

Kijana akaufuatisha mpira kwa vidole vyake mpaka kwenye chungu. Karibu na mwisho, chini ya kibano cha chuma, akaona ufa mwembamba, uliofichwa na vumbi na mafuta. Ufa ule mmoja ulikuwa umeleta dalili mbili. Uliingiza hewa katika motere, ikawa inazimika. Tena uliinyima breki msaada wake.

Kwa bahati njema mpira ulikuwa mrefu wa kutosha, tena mahali pengine pote ulikuwa mzima. Wakakata ile ncha mbovu, wakaurudisha, wakaufunga kwa kibano. Fundi akamwambia shofere, "Baba, mpira huu ni mzee. Utafute mpya upesi." Kisha kijana akairudisha visi ya ralanti polepole, robo kwa robo, akihesabu kwa sauti. Motere ikanguruma taratibu, bila kutetemeka. Wakajaribu breki tena. Safari hii kanyagio lilishuka lenyewe chini ya mguu.

Shofere akaondoka. Saa moja na nusu ilikuwa imepita.

7. Shofere arudi

Siku ya pili, jioni, motokari ile ilirudi Kasongo. Mama aliyekuwa akingojwa alifikishwa hospitalini, akapokelewa. Kabla ya kwenda kulala, shofere akapita kwa fundi, nguo zake nyekundu kwa vumbi.

"Mzee," akasema, "katika kurudi, kwenye mteremko unaoshuka bonde la Luama, mtu mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu ya mafuta ya mawese. Baiskeli ikamshinda, ikaanguka mbele yangu, na yeye pamoja nayo. Mama alikuwa nyuma amelala. Nikakanyaga breki. Motokari ikasimama. Kati yangu na yule mtu palibaki kama hatua tatu."

Fundi hakusema neno. Kijana naye hakusema neno. Alikuwa ameshika turnevisi mkononi. Alikumbuka ya kuwa jana asubuhi shofere alikuwa amekwisha kumshukuru, na kupanda, na kushika usukani.

Watoto, motokari za siku hizi hazina kabureta tena. Esansi yao hupulizwa kwa vyombo vinavyoongozwa na kompyuta. Lakini nazo zina mipira, nazo huvuta hewa ya wizi, na taa ya kuonya ikiwaka mbele ya shofere, wako watu wanaoizima bila kutafuta sababu. Wazee walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Fundi mwema, au mganga mwema, au mwanafunzi anayetafuta kosa katika hesabu yake, hapendezwi upesi dalili inaponyamaza. Anauliza, anajaribu jambo moja moja, na hatoki mpaka ameiona sababu yenyewe.

Mambo ya kushika

1. Ralanti ni mngurumo wa motere wakati motokari imesimama. Hufunua ubovu uliofichwa na mwendo.
2. Motere hutaka hewa, esansi, na moto kwa wakati wake.
3. Uliza kwanza, tazama kwa macho, kisha jaribu jambo moja moja.
4. Ukizungusha visi, hesabu.
5. Breki ikiwa ngumu kwa ghafula, usiende safari.
6. Usiwashe motere ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Usilete moto karibu na esansi. Usitie mkono karibu na feni.

Maulizo

1. Shofere alitumwa wapi, na kwa kazi gani?
2. Kijana alizungusha visi gani? Kwa nini motere haikuzimika tena?
3. Motere yenye silinda nne inazunguka mara 800 kwa dakika. Cheche zinazowasha esansi ni ngapi kwa dakika moja?
4. Kwa nini hewa ya wizi huisumbua motere ikiwa katika ralanti kuliko ikiwa mbioni?
5. Fundi alijuaje ya kuwa hakuna silinda iliyokufa?
6. Ufa wa mpira uliletaje dalili mbili?
7. Fanya jaribio la bua la mpapai nyumbani, uwaeleze ndugu zako maana yake.
8. Andika mistari mitano: siku moja ulinyamazisha dalili bila kutafuta sababu yake. Ikawaje?